Mwaka Tulioandikwa Hawaogi

Dumu la maji nililipakata mwenyewe, kutoka kwetu huku juu mpaka Lisekese, kule Masasi, nimekaa nyuma ya pikipiki ya mjukuu wangu, kanga nimejitanda vumbi lisiniingie masikioni. Njia nzima mtoto ananiuliza, "Bibi, Lisekese maji wanayo, tena mengi. Unapeleka maji kwenye maji?" Namwambia wewe angalia barabara, usije ukanimwaga mimi na dumu langu. Tulikuwa tunakwenda kumzika Mama Fatu, mtani wangu. Alikuwa mzee kuliko mimi, meno yalishamwisha lakini ulimi ule, jamani, haukuzeeka hata siku moja. Na nyie mnaosoma hapa, kama kwenu hakuna utani, niwaambie: mtani ndiye mtu pekee anayeweza kuja kwenye msiba wako akakutukana, akakutia majivu kichwani, na wewe ukamshukuru ukampa kuku. Ukoo wake, Wamakua wa kule chini Masasi, na ukoo wetu sisi Wamakonde wa huku juu ya uwanda, ni watani tangu mababu. Sasa huyu Mama Fatu kuna mwaka alitufanyia utani mmoja ambao mpaka leo umo kwenye makaratasi ya serikali, umo kwenye ramani, na siku hizi umo hata kwenye simu. Ndiyo maana ya dumu lile. Lakini tusikimbilie dumu.

Mwaka wenyewe alikuwepo Mwingereza bado, miaka yake ya mwisho mwisho. Mimi msichana, sijavunja ungo, miguu kama ya korongo, na udadisi ulionizidi kimo. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili. La tatu lilibaki bondeni kwenye maji. Maana huku juu, ardhi yetu mvua ikinyesha inazama yote, hakuna kijito, hakuna kisima. Maji yako chini, unashuka genge lote, unasubiri chemchemi ikujazie debe, unapanda nalo kichwani. Tunaondoka jogoo la kwanza, tukirudi jua limeshakuwa kali na mwalimu ameshachapa waliochelewa, na aliyechelewa siku zote ni mimi. Mwisho nikaona bora debe, debe halina fimbo. Maji ya nyumbani yalikuwa na safari yake: yanaoshea muhogo, yakitoka hapo yanaoshea vyungu, yakitoka hapo wanakunywa kuku. Asubuhi sisi wasichana tulikuwa tunapita kwenye majani marefu, tunapangusa umande kwa mikono, tunajipaka usoni na miguuni. Huko ndiko kuoga. Na wallahi tulikuwa safi! Mama Mkubwa wangu, dada yake mwenye kijiji, alikuwa anajipaka mafuta ya mbarika kila siku mpaka ukimwangalia unajiona. Alikuwa hapendi kitu duniani kama kuambiwa mchafu.

Mwaka ule ndipo akafa mkulungwa wetu. Mkulungwa ni mkubwa wa ukoo, ndiye mwenye kijiji. Na wakati ule kijiji hakikuwa na ubao wa jina njia panda. Kijiji ni mtu. Ukiulizwa unatoka wapi unamtaja yeye, kwa fulani, basi. Akifa, jina lake linalazwa. Halitajwi na mtu wa nyumba ile, wala mkwe, wala mtoto, mpaka mpwa wake, mtoto wa dada yake, arithi jina mbele ya watu. Akishalirithi, jina linaamka, na kijiji kinaamka nalo. Ukilitaja kabla, umemwita marehemu aje, na akija haji peke yake. Mimi nilikosea mara moja nikiita mbuzi wake, maana hata mbuzi tulimwita kwa jina la mwenyewe, mama akanipiga mwiko wa moto mdomoni. Wa moto, una ugali! Sasa mrithi alikuwa mwana wa Mama Mkubwa, na yeye yuko mbali Tanga anakata mkonge. Salamu zilitumwa kwa mtu, mtu akampa mtu. Tukakaa tunasubiri. Ndiyo kusema tukawa tunaishi mahali ambapo hapana jina. Nilikuwa nalala nafikiria hilo. Ndege akipita juu, anajua kwamba hapa ni wapi? Mvua je?

Mama Fatu alikuwepo tangu siku ya mazishi, yuko na mtoto mgongoni, ndiye huyo Fatu. Mtani haondoki mapema, ana kazi zake: anatwanga, anapika, anachekesha wafiwa wasife na wao kwa huzuni. Kule kwao Masasi mito ipo, kwa hiyo utani wake wote ulikuwa ni maji. Akinuka moshi wa jikoni anasema, "Nikirudi kwetu mume wangu ataninusa atasema, mke wangu umetoka uwandani kwa wasiooga." Anamwangalia Mama Mkubwa anang'aa mafuta, anasema, "Huyu hajaoga, huyu amekaangwa." Tunacheka mpaka tunashika mbavu, na Mama Mkubwa anacheka kwa mdomo, lakini jicho linamwuma. Mtani hakasirikiwi.

Basi siku hiyo, saa za kuanika muhogo, akaja karani wa kuhesabu watu. Tulishasikia habari zake. Wanaume wengine walishaingia porini, wakisema wakihesabiwa ni kodi. Karani alikuwa kijana wa pwani, kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu, sanduku la bati amebebewa na tarishi wa jumbe. Mimi nikawafuata kama kifaranga. Kila nyumba anaandika namba mlangoni kwa chaki. Akigeuka, mimi nalamba chaki nijue ina ladha gani. Haina. Akaletewa kiti barazani kwa marehemu, na Mama Mkubwa akamletea maji ya kunawa kwenye kibuyu, na kata ndani yake. Kwetu mgeni anamiminiwa kata moja, ananawa vidole, inatosha. Yule kijana wa pwani akachukua kibuyu kizima! Akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa uso, akasukutua akatema, akavua viatu akamalizia miguuni. Wanawake wote barazani wanatazama yale maji yanavyozama mchangani, kama watu wanaoangalia nyumba inaungua. Ilikuwa safari yangu nzima ya asubuhi ile. Akasema, "Ahsanteni, nimeburudika." Mama Fatu akatoka haraka kwenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anacheka huko amejiziba kwa kanga.

Tukampa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vidogo vya porini, akawa anavimenya vizuri na kucha zake safi, anauliza kama vinapandwa au vinajiotea. Nilimpenda kwa hilo, alikuwa mdadisi kama mimi. Halafu akafungua sanduku, akatoa karatasi kubwa na penseli.

"Haya, wazee wangu, akina mama. Kwanza kabisa, hapa panaitwaje?"

Mama Mkubwa akasema, "Hapa ni nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

"Nyie ni wa wapi?"

"Wa hapa."

Karani akacheka kidogo, akafikiri wanaogopa kodi. Akamgeukia mzee mmoja, mdogo wake marehemu. Mzee akaanza kukohoa, kikohozi kirefu ambacho asubuhi hakuwa nacho. Akamgeukia tarishi. "Wewe si mtu wa huku? Niambie."

"Mimi nimeoa hapa, bwana," tarishi akasema, anarudi nyuma. "Mkwe. Usinitie matatani na wakwe zangu."

"Jamani, jina la mahali tu! Mahali pasipo na jina nitapaandikaje?"

"Kuna msiba," mzee akasema, kikohozi kimepona. "Jina limelala. Subiri mrithi aje."

"Anakuja lini?"

"Akifika."

Karani akaweka penseli chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema kwa upole kabisa, "Basi nitawaweka kwenye kijiji cha jirani, Chilangala. Mtahesabiwa humo humo. Ila nisikilizeni. Serikali ina mpango wa kuleta maji ya bomba huku juu. Mainjinia hawatawajua nyie kwa sura. Watasoma karatasi hizi: mahali fulani, watu kadhaa, hapo bomba. Chilangala watapewa, na nyie mtakwenda kuteka Chilangala."

Kwenda Chilangala kuteka! Mnajua maana yake kuteka maji kwa mwenyewe? Unapanga foleni, wenyewe wanateka kwanza, wanafua, wanaogesha mbuzi, ndiyo uambiwe wewe sogea. Nikaona wanawake wote wameinua vichwa. Wanaume walikuwa wamesikia neno Chilangala, wanawake walikuwa wamesikia neno bomba. Mama Mkubwa akajishika shingo, sijui kama mwenyewe alijua. Shingo yake ilikuwa imeshaingia mabegani kwa madebe, mtu wa kugeuka mwili mzima akiitwa. Mdomo ukamcheza. Nikaliona lile jina limefika kwenye meno kabisa, nikaogopa, nikajiziba mdomo wangu. Akalimeza. Angelitamkaje? Kaka yake, na mrithi ni mwanawe wa kumzaa! Angekuwa anamwita marehemu amchukue mwanawe huko kwenye mkonge.

Hapo ndipo alipotokea Mama Fatu, mtwangio mkononi, unga mpaka kwenye kope, mtoto amelala mgongoni.

"Bwana Karani, usihangaike na hawa, wamefiwa mpaka midomo. Mimi mtani wao, mimi sina mwiko. Nitakwambia."

Tukashusha pumzi. Kweli! Mtani anaruhusiwa. Mtani anaweza kulitaja. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, hata Mama Mkubwa akamwangalia kama anaangalia wingu la mvua.

"Haya, mama. Panaitwaje?"

Mama Fatu akajifuta unga. "Panaitwa Hawaogi."

Mimi nilicheka puani ikatoka kamasi. Karani akamtazama. "Hawaogi?"

"Hawaogi. Wewe si umenawa pale? Hukuwaona macho? Nusura walie. Andika tu, kila mtu Masasi anapajua."

Karani si mjinga, alijua anatiwa kwenye utani. Akamgeukia Mama Mkubwa, kwa adabu, "Mama, ni kweli hili?" Na hapo sasa tulinaswa kama panya. Kumkasirikia mtani, haifai. Kusema si kweli, utaulizwa, haya kweli ni lipi? Na hilo huwezi kulisema. Mzee akaanza kukohoa tena, safari hii kwa hasira. Mama Fatu mwenyewe nilimwona cheko linamwishia usoni kidogo kidogo. Nadhani alitegemea tutamrukia kwa kelele, yeye acheke, ndipo alitoe jina lenyewe. Hakuna aliyemrukia. Akafungua mdomo, nafikiri alirekebishe, na Mama Mkubwa akamwinulia mkono, nyamaza.

Akakaa vizuri, yule mama aliyependa usafi kuliko roho yake, akamwambia karani: "Andika, mwanangu. Maji yakija, tutaoga."

Karani akaandika. Nilisogea mpaka begani kwake. Nilizijua herufi chache, nikaiona H inasimama kama kitanda kilichoegemezwa ukutani. Nikamuuliza, "Sasa ndiyo tupo?" Akasema, "Sasa mpo." Kisha akaanza kutuhesabu, nani mke wa nani, mtoto wa nani, na kila mtu alijibu vizuri, maana kubwa lilishapita.

Nawaambia miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Kule bondeni kwenye chemchemi wasichana wa vijiji vyote wanakutana, na habari kama ile haihitaji miguu. Nikifika na debe, "Pisheni, pisheni, Hawaogi wamekuja! Kwani nyie maji ya nini?" Wenzangu wengine walianza kusema wao ni wa Kitangari. Mimi pia, nisiwafiche, kuna siku nilinyamaza tu. Wazee walimnunia Mama Mkubwa, kwamba ameuza jina la kaka yake kwa maji ambayo hata harufu yake hawajaisikia. Yeye anapaka mafuta yake, anashuka bondeni, anapanda.

Kiangazi mrithi akarudi, na redio begani ambayo haiimbi. Akarithi jina, ngoma ikachezwa, tukanywa uraka wa mabibo, na asubuhi yake nilizunguka kijiji kizima nalitaja kwa sauti, Nangwele, Nangwele, kwa Nangwele, kama mtu aliyefunguliwa kamba ulimini. Halafu akaambiwa la kwenye karatasi. Yowe alilopiga! Akachukua jogoo akaenda boma Newala kuomba libadilishwe, akarudi na jogoo wake. Karatasi zimeshakwenda Dar es Salaam. Mama Fatu alipopanda kuja kumpongeza, mrithi alimsubiri barazani.

"Wewe mwanamke umeniulia jina langu!"

"Shikamoo kwanza, Nangwele," Mama Fatu akasema, anapiga magoti kabisa.

"Marahaba. Umeniua!"

"Nimekuua wapi? Jina lako limejaa kila njia panda. Kuna Nangwele wa njia ya Newala, kuna Nangwele wa bondeni, kuna Nangwele nyuma ya Kitangari, wote ukoo mmoja, wote wamerithi. Hawaogi mko peke yenu, baba. Hakuna mwingine anayelitaka."

Watu walicheka, naye akacheka kwa shida. Lakini mimi lile neno lilinikaa. Sikujua kwa nini, mpaka mwezi wa mabibo ulipokuwa unakwisha.

Siku hiyo tumepanda genge, mimi na wasichana wengi wa vijiji mbalimbali, tumetua madebe barabarani karibu na Kitangari tupumzike. Ikaja gari ya serikali, nyuma imejaa vigingi vya chuma na kamba za kupimia njia ya bomba. Mzungu mbele, mwekundu kwa jua, na fundi wake Mswahili. Fundi amechoka, anapangusa jasho, anamlalamikia mtu mmoja pale dukani: tangu jana wanatafuta kwa Nangwele, walipelekwa kwenye mmoja, akatokea wa pili akasema ni kwangu, watu wakataka kupigana kwa ajili ya kigingi, bwana mkubwa amechoka amewafuta wote mpaka mwakani. Kisha akafungua karatasi, akatugeukia sisi.

"Hebu nyie wasichana. Kuna mahali panaitwa Hawaogi. Ni wapi?"

Kicheko kilichopigwa pale! Wengine walikaa chini. "Hawaogi! Hawaogi!" Mmoja akasema, "Hapo hapana mtu, bwana, ni tusi tu." Mzungu akamuuliza fundi kitu, fundi akatikisa kichwa, akaanza kukunja karatasi. Nikaiona inakunjwa. Nikamwona moyoni Mama Mkubwa na shingo yake. Masikio yangu yalikuwa ya moto, na mdomo ulikuwa mzito kuliko debe.

"Ni kwetu," nikasema.

"Wapi?"

"Hawaogi. Ni kwetu. Mimi ni wa Hawaogi, nawapeleka."

Walinipandisha kwenye gari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na maji yangu pia ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda bila kichwa. Nililikumbatia debe barabara ile ya mashimo, likanimwagikia lote, kifuani, miguuni, nikafika nyumbani nimelowa chapa chapa. Watoto wakanizunguka wanapiga kelele kwamba mtu wa Hawaogi ameoga kwenye gari. Mama Mkubwa akaja. Hakuuliza habari ya debe. Aliangalia wale watu wanapigilia kigingi cha kwanza karibu na mkorosho wa marehemu, kila nyundo ikilia anatikisa kichwa hivi, ndiyo, ndiyo. Bomba lenyewe lilikuja baadaye, kwa subira yake, lakini watu wa kwa Nangwele wengine wote walikuja kuteka kwetu. Na walipanga foleni, kama mnataka kujua.

Basi juzi Lisekese. Nilipofika na dumu langu, waoshaji walikuwa wanaanza, wanawake vijana, hawanijui. Fatu naye sasa bibi kama mimi, macho yamevimba. Nikasema hodi, mimi mtani, nina haki yangu. Mmoja wao akanizuia mlangoni kwa heshima, "Shikamoo bibi. Unatoka wapi?"

"Marahaba. Natoka Hawaogi."

Fatu akainua kichwa. Akaliona dumu. Akaanza kucheka huku analia, kamasi na machozi, akawaambia mpisheni, mpisheni huyo. Nikapiga magoti pembeni ya Mama Fatu, nikafungua kizibo. Maji yalikuwa bado ya baridi. Nikamwambia, "Mtani, tumekuja. Leo sisi ndio tunakuogesha wewe." Nikamimina kidogo kidogo, kwa kata, kama tulivyozoea.